Mathare katika Njia Panda ya Lugha Tatu: Historia ya Neno "Squatter" na Majirani Yake

Jijini Nairobi maneno ya Kiingereza yanayohusu makazi ya maskini hutafsiriwa katika lugha mbili ambazo ni nadra kukutana. Upande mmoja wapo watangazaji, machifu, mapadri na viongozi wa vyama vya wakaazi, ambao huyageuza maneno hayo kuwa Kiswahili kila yanapozuka mabishano ya ardhi. Upande wa pili ni Gigiri, yalikowekwa mwaka 1978 makao ya shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi ya binadamu. Nyaraka za Umoja huo hutolewa pia kwa Kihispania, kwa kuwa hiyo ni mojawapo ya lugha zake sita rasmi. Kwa hiyo neno lililoandikwa kwa Kiingereza kuhusu bonde la Mathare linaweza kusafiri hadi Lima au Buenos Aires likiwa limevaa vazi la Kihispania, na papo hapo likashuka hadi Mashimoni likiwa limevaa la Kiswahili.

Makala haya yanachunguza baadhi ya maneno hayo, hususan yale ambayo Kiingereza huyatumia kana kwamba ni visawe ilhali sivyo. Msomaji ana haki ya kuuliza Kihispania kinahusu nini na Mathare. Jibu letu ni kwamba Kiswahili cha Kenya kimeishi na Kiingereza muda mrefu mno, kiasi kwamba mara nyingi hatutafsiri tena. Tunatohoa tu, na pamoja na neno tunapokea utata wake wote. Kihispania hakina mazoea hayo na sera za Kenya. Mtafsiri wake hulazimika kuuliza: huyu anayetajwa hapa ni nani hasa? Swali hilo ndilo ambalo sisi, kwa maoni yangu, tumechelewa kuliuliza.

Skwota wa shambani na skwota wa bondeni

Tuanze na "squatter", kwani ndilo neno lililozua madhara makubwa zaidi. Katika Marekani ya mwishoni mwa karne ya 18 lilimtaja mtu aliyekaa katika ardhi isiyo yake bila hati. Lilipofika Australia katika karne ya 19 liligeuka jina la matajiri wa kondoo waliojitwalia malisho mapana na baadaye kutambuliwa na serikali. Lilipoingia Kenya ya kikoloni halikubeba maana yoyote kati ya hizo mbili. Chini ya sheria ya mwaka 1918 iliyohusu vibarua Waafrika wakaao mashambani, skwota alikuwa mfanyakazi mwenye mkataba: aliruhusiwa kulima kipande cha ardhi na kufuga katika shamba la setla, naye kwa upande wake akalazimika kumfanyia kazi setla huyo siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria mpya iliyopitishwa mwaka 1937 na kuanza kutumika mwaka 1940 iliwapa masetla mamlaka zaidi ya kupunguza mifugo na mashamba ya watu hao na kuwaongezea siku za kazi. Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau, ameonyesha jinsi ubanaji huo ulivyowasukuma wengi kwenye upinzani.

Skwota wa aina hiyo, basi, hakuwa mvamizi. Alikuwa pale kwa idhini, tena kwa jasho. Lakini neno lilelile lilipohamia mjini baada ya uhuru lilichukua maana yake ya Kimarekani. Marc Howard Ross alipoandika juu ya siasa za wakaazi wa Mathare mwaka 1973 aliwaita "squatters" katika jina lenyewe la kitabu, naye hakuwa mtafiti wa pekee kufanya hivyo. Istilahi hiyo ilikuwa ya kawaida kwa wataalamu wa miji wa wakati ule. Msomaji anayetoka kwa Kanogo kwenda kwa Ross anaweza kudhani kwamba anasoma habari za tabaka moja la watu lililohama. Kwa kiasi fulani ni kweli, maana miongoni mwa waliofukuzwa mashambani wapo walioishia mijini. Hata hivyo neno halikuhama pamoja nao kwa uaminifu. Mtu aliyekuwa na mkataba Nakuru aliitwa skwota, na alipofika bondeni bila mkataba akaitwa vivyo hivyo.

Tatizo haliishii hapo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi vilinunua sehemu za bonde la Mathare na kujenga nyumba za mbao za kupangisha. Sehemu nyingine zilibaki kuwa ardhi ya umma, ambako mtu aliweza kujenga kibanda chake mwenyewe au kupanga chumba kwa mtu aliyejenga bila hati. Katika eneo ambalo mgeni angelivuka kwa miguu bila kuchoka walikaa, kwa hiyo, wanahisa wenye hati, wenye nyumba wasio na hati, wapangaji wa hawa na wapangaji wa wale. Wote waliitwa maskwota. Mpangaji aliyelipa kodi kila mwezi kwa kampuni iliyosajiliwa alikuwa skwota katika ripoti, ilhali mwenye nyumba wake alikuwa mwekezaji.

Mtafsiri wa Kihispania hawezi kupita hapa kwa urahisi. Kwa mtu anayevamia ardhi Wamexico wana neno la utani, "paracaidista", yaani askari wa mwavuli, kwa kuwa huyo hushuka usiku mahali ambapo jana hapakuwa na mtu. Wahispania wa Hispania wana "okupa", neno lenye harufu ya vijana wa siasa wanaoingia katika majengo matupu ya mijini. Nchi kadhaa za Amerika ya Kilatini hutumia "precarista", ambaye hukaa pasipo haki iliyo imara. Hakuna hata moja kati ya maneno haya linalomfaa skwota wa Kanogo. Linalomfaa ni neno la Chile, "inquilino". Katika mashamba makubwa ya nchi hiyo "inquilino" alikuwa kibarua mkaazi aliyepewa kipande cha kulima na malisho ya mifugo michache, akalipa kwa kazi yake na mara nyingi kwa kazi ya jamaa zake, na mfumo huo ulidumu hadi mageuzi ya ardhi ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukiweka sheria ya Kenya ya mwaka 1918 kando ya desturi ya Chile, kufanana kwao kunashangaza.

Ila "inquilino", nje ya historia hiyo ya Chile, ni neno la kila siku la Kihispania lenye maana ya mpangaji. Hapa ndipo lugha hii inapotupa funzo ambalo haikukusudia kulitoa. Kibarua wa Naivasha wa mwaka 1930 ni "inquilino" kwa maana ya Chile. Mpangaji wa kampuni ya Mathare wa mwaka 1975 ni "inquilino" kwa maana ya kawaida. Kiingereza kiliwaita wote wawili "squatter", na katika hali zote mbili kilikosa jambo lilelile: kwamba mtu huyu alikuwa na mapatano na mtu mwingine, na kwamba alikuwa akilipa.

Je, Kiswahili hakikuwa na neno? Kilikuwa nalo, "mpangaji", na wakaazi wenyewe walilitumia na wanalitumia hadi leo wanapozungumzia kodi. Kikuyu nacho kilikuwa na "muhoi", mtu aliyeomba ardhi ya kulima kwa mwenye ukoo akaruhusiwa, neno linalotokana na kitenzi cha kuomba. Lakini katika magazeti, mikutano ya hadhara na hotuba za bungeni lililoshinda ni "maskwota", neno tulilolitohoa tukiwa tumefumba macho. Pwani limekubalika hata kwa watu ambao babu zao walizikwa katika ardhi ile kabla ya hati ya kwanza kuandikwa. Sidhani kama kuna neno la mkopo lililotugharimu zaidi.

Banda, tugurio na kijiji

"Slum" lina historia ya ajabu kidogo. Linaonekana mapema katika orodha ya maneno ya wezi na wahuni wa Uingereza aliyoiandaa James Hardy Vaux mwaka 1812, na wakati huo halikuhusu mtaa wala nyumba za maskini. Maana yake ilikuwa karibu na shughuli ya ulaghai. Miongo michache baadaye lilikuwa limeanza kutaja vichochoro vichafu, na mwaka 1850 Kadinali Wiseman alilisaidia kuingia katika lugha ya waungwana alipolitumia kuelezea maeneo yaliyozunguka kanisa la Westminster. Wanaoishutumu Sheng ya Eastlands kwa kuwa ati ni lugha ya wahuni wangefaa kukumbuka kwamba neno linalotumiwa leo na wanadiplomasia wa Gigiri lilitoka katika kinywa cha aina hiyohiyo.

Kwa muda mrefu wataalamu wa miji walilikwepa neno hili kwa kuliona la dharau. Lilirudi kwa kishindo mwanzoni mwa karne hii. Azimio la Milenia la mwaka 2000 liliahidi kuboresha maisha ya wakaazi milioni 100 wa maeneo hayo ifikapo mwaka 2020; mwaka 2002 mkutano wa wataalamu uliofanyika hapa Nairobi ulipendekeza vigezo vitano vya kuyatambua, yaani maji, usafi, nafasi ya kutosha, uimara wa nyumba na usalama wa umiliki; na mwaka 2003 ikatoka ripoti kubwa ya dunia yenye neno hilo katika jina lake. Alan Gilbert aliandika mwaka 2007 kupinga kurudi huko, akihoji kwamba neno lenye historia ya aibu huichanganya nyumba mbovu na mtu anayeishi ndani yake. Kenya imeyabeba majina mawili bila kuamua: mpango wa KENSUP, uliozinduliwa mwaka 2004, una "slum" katika jina lake, na mradi wa KISIP, ulioanza mwaka 2011, una "informal settlements". Bonde ni lilelile, na wizara husika ni moja.

Azimio la Milenia kwa Kihispania lilisema "tugurios". Malengo ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2015 yalisema "barrios marginales", mitaa ya pembezoni. Baina ya tafsiri hizo mbili kuna tofauti ya mtazamo ambayo Kiingereza, kilichotumia neno lilelile mara zote mbili, hakiioneshi. "Tugurio" latokana na neno la Kilatini la kibanda, na katika kamusi ya Kihispania lingali na maana ya kibanda cha wachungaji. Hapo Mswahili anasimama na kutabasamu, kwa kuwa tafsiri yetu iliyoenea ni "mtaa wa mabanda", na banda ni mahali pa ng'ombe, pa kuku au pa kuwekea zana. Lugha mbili zisizojuana zimefika katika zizi moja. "Kitongoji duni", tafsiri yetu nyingine, ina kosa la aina yake. Kitongoji katika Kiswahili cha zamani ni kijiji kidogo tu, na Tanzania bado ni ngazi ya utawala isiyo na aibu yoyote. Sisi Kenya tumekibandika sifa ya uduni mara nyingi hadi baadhi ya wanafunzi wangu hudhani kwamba uduni umo ndani ya nomino yenyewe.

Mtu wa Lima au Buenos Aires, hata hivyo, hasemi "tugurio" anapotaja nyumbani kwake. Kila nchi ina neno lake. Argentina husema "villa miseria", jina ambalo umaarufu wake unahusishwa na riwaya ya Bernardo Verbitsky ya mwaka 1957, na ni vigumu kwa mhakiki wa fasihi kutofurahi kidogo anapoona riwaya ikilipa taifa istilahi. Peru, chini ya Jenerali Juan Velasco Alvarado aliyetawala kuanzia mwaka 1968 hadi 1975, serikali iliamuru kwamba zilizoitwa "barriadas" sasa ziitwe "pueblos jóvenes", miji michanga. Ilikuwa siasa, bila shaka, lakini neno jipya lilikuwa na mantiki: kitu kichanga hukua, hakibomolewi.

Mathare nayo ilikuwa na neno la aina hiyo, na ndilo ninalolisikitikia. Sehemu zake za mwanzo ziliitwa vijiji na zikahesabiwa kwa nambari. "Villa" ya Argentina na "village" ya Kiingereza ni ndugu wa tumbo moja la Kilatini, na kijiji ndiyo tafsiri yake iliyo wazi. Lakini kwa waliotoka Mkoa wa Kati neno hili halikuwa safi. Wakati wa Hali ya Hatari serikali ya kikoloni iliwasukuma zaidi ya watu milioni 1 katika vijiji vilivyolindwa, na Wakikuyu wakalichukua neno la Kiswahili wakalifanya "gichagi". Kwa baadhi ya wazee wa Mathare, basi, kuita mahali "kijiji" kulikumbusha handaki na mlinzi langoni. Kwa wengine kulikuwa dai kwamba hapa pana jamii yenye viongozi na kamati. Fasiri zote mbili zinakubalika, na sioni sababu ya kuchagua moja.

Wakaazi wenyewe walichagua njia nyingine. Mashimoni pamepewa jina kwa mashimo ya machimbo ya mawe, Mabatini kwa mabati, Bondeni kwa bonde. Kiambishi -ni kinafanya kazi ambayo si Kiingereza wala Kihispania huweza kuifanya kwa silabi moja: kinataja mahali pasipo kusema chochote kuhusu hati, uhalali au thamani ya mkaazi.

Isiyo rasmi

"Informal" laonekana neno la adabu kuliko yote, na asili yake ya kisera ni ya hapa hapa: ripoti ya mwaka 1972 ya ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ndiyo iliyolieneza duniani wazo la sekta isiyo rasmi, sambamba na maandishi ya Keith Hart kuhusu Ghana. Kutoka kwenye kazi lilihamia kwenye makazi. Katika Kihispania cha kawaida, lakini, "informal" ni mtu asiyetimiza ahadi, fundi anayesema atakuja kesho asije. "Asentamiento informal" hubeba mwangwi huo. Kiswahili husema "makazi yasiyo rasmi", na rasmi ni la mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuchora, mzizi uliotupa pia rasimu. Makazi yasiyo rasmi ni, kwa asili ya neno, makazi yasiyochorwa. Hapo angalau Kiswahili kimekuwa mkweli kuliko wenzake, maana kosa linabaki kwa mwenye kalamu.

Kufukuza, kuhamisha, kuokoa

Jozi ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024 mafuriko yalivamia Mathare na kuua watu. Katika majuma yaliyofuata serikali iliwaamuru waliokaa karibu na mito waondoke, na matingatinga yakabomoa nyumba kando ya mto. Neno la Kiingereza lililotumiwa rasmi lilikuwa "evacuation". Watetezi wa wakaazi walisema "eviction".

Tofauti ya maneno haya si ya mapambo. Sheria ya Ardhi ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inadai ilani isiyopungua miezi 3 kabla ya kumwondoa mtu aliyekaa katika ardhi bila haki. Anayeokolewa kutoka kwenye hatari hahitaji ilani ya namna hiyo. Atapewa saa, wala hatalalamika, kwa sababu anatarajia kurudi maji yakipungua. "Evacuate" hudokeza marejeo. "Evict" hudokeza mwisho, lakini kwa sababu hiyo huambatana na haki za kisheria. Aliyebomolewa nyumba kwa jina la neno la kwanza amepoteza marejeo ya hilo la kwanza na haki za la pili.

Kihispania kina "evacuar" na kina "desahuciar", kitenzi cha mahakamani cha kumtoa mpangaji ambacho pia hutumika daktari anapokiri kwamba mgonjwa hana tumaini tena. Lakini kina vilevile "desalojar", ambacho chaweza kuwa kuwatoa watu katika jengo linaloungua au kuwatoa kwa amri ya mwenye mali. Mwandishi wa habari wa Madrid au Bogotá angeweza kuandika "desalojar" kuhusu Mathare ya Mei 2024 bila kuamua lolote. Kiswahili kina wepesi huohuo, tena hatari zaidi. "Kuhamisha" ni kunyambua "hama" kwa usababishi. Ukiongeza utendwa unapata "wamehamishwa", na mtendaji ametoweka kabisa. Haijulikani kama ni maji au tingatinga. Haijulikani kama kuna kurudi. Tunavyo "kufurusha", "kufukuza", "kutimua" kwa upande mmoja, na "kuokoa" au "kunusuru" kwa upande wa pili. Msomaji akirejea habari za majuma yale ataona jinsi "kuhamishwa" ya katikati inavyomwezesha mwandishi kuepuka pande zote mbili.

Meja Mwangi aliliona jambo hili mapema kuliko sisi wanaisimu. Katika "Going Down River Road" ya mwaka 1976, kibanda cha Ocholla huchomwa na watu wa Baraza la Jiji, kisha hujengwa tena. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliwahi kuniomba ushauri juu ya kutafsiri sehemu hiyo kwa Kiswahili. Alikuwa ameandika kwamba wakaazi "walihamishwa". Nilimwuliza walihamishiwa wapi. Alikaa kimya, kisha akachukua kalamu akakifuta kitenzi, akaandika "walichomewa".